Hoja Nzito Huwekwa Mwisho

Kasombwe,
12 Februari 1974

Mwalimu wangu Apolinari,

Shikamoo. Huku mvua zipo, mpunga umefika magotini, na sote tunapumua. Mama anakusalimu. Anauliza kama huko Mpanda mjini bado unakula ule ugali mbichi uliokuwa ukijipikia enzi ulipokuwa unatufundisha hapa. Nimemwambia siku hizi umeoa, akasema basi huyo mke apewe pole.

Mwalimu, nina shida ambayo ni ya kazi yako. Juma lililopita walikuja watu wa wilaya na gari. Wamesema Kasombwe yote ihamie kijiji kipya kule barabarani, na tuwe tumehama kabla ya Pasaka. Wazee hawakukataa kuhama, na hilo naomba ulielewe vizuri. Wanachoomba ni tuvune kwanza. Mpunga utakuwa tayari mwezi wa tano kuelekea wa sita, na tukiuacha peke yake, kwelea na viboko hawatatungojea. Mwaka mzima tutakula nini?

Mzee Isidori, mwenyekiti wetu, akasema tuwaandikie wakubwa barua ya kuwashawishi. Alivyosema "nani aandike," macho yote yakanigeukia mimi mwenye darasa la saba. Nimeandika kurasa nne. Nilipomsomea Mzee Isidori alisinzia ukurasa wa pili, na yeye ndiye aliyeniagiza! Nakuletea uione. Nifundishe namna ya kumshawishi mtu ambaye hanijui na hana haja na mimi.

Mwanafunzi wako,
Josefina


Mpanda,
25 Februari 1974

Josefina,

Marahaba. Mwambie mama yako mke wangu amepokea pole na ameikubali.

Barua yenu nimeisoma mara mbili. Ina machozi mengi, na mnachokitaka hakionekani mpaka ukurasa wa tatu. Mkubwa mwenye majalada mezani hafiki ukurasa wa tatu. Mzee Isidori amekupa alama yako kwa kusinzia. Sasa anza upya. Sentensi ya kwanza iseme: tunaomba kuhama baada ya mavuno. Huo ndio msimamo wako, na kila kitakachofuata kiutumikie huo.

Kisha sababu. Kila sababu ipe aya yake, kama wake wawili na majiko yao. Ukiziweka sababu mbili chungu kimoja zitagombana na msomaji atakimbia. Na usiseme tu "mpunga ni mwingi." Sema ni kaya ngapi zinalima, wanapata vihenge vingapi, na serikali itapaswa kuleta mahindi kiasi gani kuwalisha watu ambao chakula chao kilioza mbugani. Mtu wa ofisi haogopi njaa yako. Anaogopa njaa yako ikija mezani kwake.

Sasa zoezi lenyewe. Kabla sijairekebisha ya kwenu, niandikie insha ya upande wa pili: kwamba Kasombwe ihame sasa hivi, bila kungoja mavuno. Usimtengenezee mpinzani wako sanamu ya majani kama mnayosimamisha shambani kutisha ndege. Mpe nyama na mifupa. Tafuta sababu ambayo yeye hata haijui na wewe unaijua. Andika hadi wewe mwenyewe uanze kusita. Usipoijua nguvu ya upande wa pili, huwezi kuijibu, na majibu ndiyo roho ya insha ya hoja.

Nitumie zote mbili kwa bahasha moja. Ya kwenu nitaipiga chapa kwa mashine ya shule, nami nitaifikisha kwa wakubwa kwa mkono wangu. Hilo niachie mimi.

Mwalimu wako,
Apolinari


Kasombwe,
10 Machi 1974

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Bahasha hii anakuletea Cletus, katekista wetu, anayekwenda Mpanda kwa baiskeli kuchukua divai ya misa. Nimemwambia akiidondosha mtoni ajitose nayo.

Ya kwetu nimeiandika kama ulivyosema. Msimamo umekaa juu, sababu zimekaa kila moja na jiko lake. Mzee Isidori safari hii hakusinzia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nyie wasomi kumbe mnaweza kusema maneno machache."

Lakini ile ya pili imenitesa. Nilianza kwa kucheza: nikaandika shule, nikaandika maji ya bomba waliyoahidi, nikaandika barabara. Nikaona hiyo ni sanamu ya majani. Ukasema nitafute sababu ambayo mpinzani haijui na mimi naijua. Basi nikaichana karatasi, nikaanza na Natalia.

Dada yangu unamkumbuka, yule aliyekuwa akikuletea maziwa ya mgando. Alifariki mwaka jana mwezi wa tisa, uchungu wa uzazi ulimshika siku mbili, wakampeleka hospitali Mpanda kwa machela. Hawakufika hata Usevya. Tungekuwa tunakaa barabarani, lori lolote lingembeba. Hiyo ni kweli, Mwalimu, na sina jibu lake. Nimeandika pia alichosema njiani. Wabebaji walikuwa wametangulia kuvuka kijito kutazama kina, mama akabaki naye, na Natalia akamwambia, "Tupumzike kidogo, mmechoka." Yeye ndiye aliyekuwa anakufa, akawaonea huruma wabebaji. Mama aliniambia mimi peke yangu, mara moja, na hajarudia tena.

Nimeyaweka mwanzoni kabisa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuja kwanza. Niliandika huku nimempa mama mgongo. Sasa nasita kama ulivyotaka nisite. Naomba hiyo insha ya pili, ukishaisoma na kunipa alama, uitie motoni.

Josefina


Mpanda,
20 Machi 1974

Josefina,

Nimefundisha miaka kumi na moja, na sijawahi kusoma insha ya mwanafunzi iliyonifanya niweke kikombe chini. Hiyo ya pili nasema. Ya kwenu ni nzuri pia.

Nina sahihisho moja kubwa. Umemweka Natalia mwanzoni, na baada yake umeleta maji, shule na barabara. Hivyo msomaji anaondoka na bomba kichwani! Anza na vyepesi, ukipanda taratibu, na Natalia awe wa mwisho, maneno yake yawe sentensi ya mwisho kabisa, kisha unyamaze. Hoja nzito huwekwa mwisho, mtu aondoke nayo. Ukipata nafasi iandike upya kwa mpangilio huo, uone tofauti.

Ile ya kwenu naishughulikia. Hebu niambie, Mzee Isidori mwenyewe ana msimamo mkali kiasi gani? Na akina mama wanasemaje? Nauliza ili nijue namna ya kuiwasilisha.

Apolinari


Kasombwe,
9 Aprili 1974

Mwalimu,

Shikamoo. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Jumamosi walikuja tena, magari mawili na kipaza sauti. Tulidhani wameleta jibu la barua yetu, wazee wakavaa makoti. Msemaji wao akasema leo hatatusomea maneno ya serikali, atatusomea maneno ya binti wa hapa hapa Kasombwe. Akatoa karatasi iliyopigwa chapa.

Ilikuwa ile insha, Mwalimu. Ya pili. Akasoma maji, akasoma shule, akasoma barabara, na watu wakawa wanaguna tu kama kawaida. Kisha akashusha sauti na akamsoma Natalia. Akasoma machela. Akasoma "Tupumzike kidogo, mmechoka," akakunja karatasi, akanyamaza. Wanawake wakaanza kulia, hata wale waliombeba wakalia. Mama hakulia. Alinigeukia akanitazama, na mimi sikujua niweke uso wangu wapi.

Kisha akauliza nani hataki mama na dada zake wafike hospitali. Nani angenyoosha mkono hapo? Mzee Isidori alitaka kusema habari ya mavuno, wakamwuliza kama mpunga ni bora kuliko Natalia. Akakaa. Tunahama Alhamisi.

Ni Cletus. Hakuna mwingine aliyeishika bahasha ile kabla yako, lazima aliifungua njiani akainakili. Nilisimama pale pale nikasema mbele ya wote kwamba Cletus ndiye aliyeibeba, na yeye akaapa kwa Mungu kwamba hakuifungua, watu wakamzomea. Jumapili ya Matawi hakuna aliyemwitikia sala.

Niambie, ile barua yetu ilifika? Je, wamekujibu chochote? Bado siku mbili. Ukiweza kuwaona wakubwa, nakuomba nenda, wewe wanakusikiliza.

Josefina


Mpanda,
28 Aprili 1974

Josefina,

Barua yako imechelewa kunifikia. Nimesikia kwamba mmeshahama, na kwamba zoezi lilikwenda kwa amani, namshukuru Mungu.

Poleni sana. Bahasha hupita mikono mingi, na siwezi kumtetea wala kumshitaki mtu kwa jambo ambalo sikuliona kwa macho. La katekista mwachieni Mungu. Kuhusu barua yenu, nilifanya kilichowezekana.

Usikate tamaa ya kuandika. Una kipawa. Mimi kuanzia mwezi ujao nimepandishwa kuwa mratibu wa elimu, eneo langu litafika mpaka huko kwenu, nami nimekuombea nafasi ya kufundisha darasa la watu wazima katika kijiji kipya. Lichukue jambo hili kama fadhila ya mwalimu wako.

Apolinari


Kijiji kipya, barabarani,
17 Novemba 1974

Mwalimu Apolinari,

Sikuamkii leo. Nitakuandikia insha ya hoja, kwa mpangilio wako.

Msimamo wangu ni huu: aliyetuuza si Cletus. Ni wewe.

Sababu niliipata darasani, lile uliloniombea. Nilikuwa nawafundisha akina mama kusimulia jambo kwa mpangilio, lipi litangulie na lipi lifuate. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, la uchungu tuliweke mwisho, au siyo?" Nikaiweka chaki chini, darasa nikaliacha hapo hapo. Nilikimbia nyumbani nikaitoa barua yako ya Machi. Wakati ule niliisoma juu juu, tulikuwa kwenye palizi, na lile sahihisho lako sikulifanya kamwe. Insha niliyompa Cletus ilianza na Natalia. Iliyosomwa kwenye kipaza sauti iliishia na Natalia, neno lake la mwisho, kisha kimya, kama ulivyotaka. Cletus angeiba bahasha, angewapa insha yangu. Hii ilikuwa imeshapita kwenye mikono ya mtu anayejua hoja nzito inakaa wapi.

Ulinisahihisha, ukapiga chapa, ukawapa. Na ile ya kwetu? Nilikwenda mwenyewe mpaka Mpanda mwezi wa kumi, nikauliza ofisini kwao. Karani ni mtu mpole, alinitafutia kila mahali. Barua ya Kasombwe haikuwahi kupokelewa. Bahasha moja ilikuwa na insha mbili, wewe ukafikisha moja.

Ushahidi mwingine ni wa kula. Mpunga wetu viboko waliumaliza mwezi wa tano. Tulikwenda vijana sita kujaribu kuokoa, tukarudi na magunia matatu ya kijiji kizima. Sasa tunakula mahindi ya njano ya msaada, na watoto yanawaumiza tumbo. Zahanati waliyotuahidi ina msingi tu, mbuzi wa jirani wanalala humo.

Cletus alihamia Sitalike. Nilimfuata huko kumwomba radhi. Alinikaribisha maji, akaniambia amenisamehe, ila kurudi kwetu hawezi, kwa sababu kila akifungua mdomo kuanzisha sala anasikia ile zomeazomea. Wewe ulijua. Mtu anazomewa kwa kosa lako na wewe unaniandikia "mwachieni Mungu."

Hoja ya mpinzani naijua, nitakusaidia: utasema nia ilikuwa njema. Nimeshindwa kuijibu hiyo kwa sababu sijui nia yako. Nilidhani naijua.

Mama yangu ananipikia na ananisukia mkeka. Lakini toka Jumamosi ile hajanitajia tena jina la dada yangu, na mimi nikilitaja anatoka nje. Alikuwa na kitu kimoja cha Natalia ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho, akanipa nimtunzie. Nami nikakupa wewe upate kunipa alama.

Josefina


Mpanda,
8 Desemba 1974

Josefina,

Barua yako ni insha bora kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na ninasema hivyo kwa uchungu.

Ni kweli. Waliniita ofisini mwezi wa tatu wakaniambia, wewe umekaa Kasombwe, tuandikie maneno ya kuwashawishi watu wale. Bahasha yenu ilikuwa mezani kwangu. Nilijaribu kuandika ya kwangu siku tatu, ikawa sanamu ya majani. Ya kwako ilikuwa pale, na ilikuwa ya kweli.

Lakini hujui nilichokijua mimi. Mpango ulikuwa watu wahamishwe kabla ya Pasaka, kwa hiari au kwa nguvu. Kuna mahali nyumba zilitiwa moto, wazee wakapakiwa kwenye malori kama mizigo. Kasombwe haikuchomwa hata banda la kuku. Mlihama kwa miguu yenu wenyewe. Barua yenu ingeomba mavuno, wangesema mnapinga, na moto ungekuja. Nilichagua lililo dogo. Ungekuwa mimi, ungefanya nini?

Kupandishwa kwangu hakukuwa bei ya jambo hili, ingawa najua hutaamini. La Cletus nilikosea. Niliogopa.

Apolinari


Kijiji kipya, barabarani,
19 Januari 1975

Mwalimu,

Huenda unasema kweli kuhusu moto. Sitaki kubishana na moto ambao sikuuona. Lakini ungetuambia. Ungekuja ukasimama mbele ya Mzee Isidori ukasema, wazee wangu, mambo ni haya, chagueni. Wale ni watu wazima, Mwalimu, walikupa kiwanja na kuku siku uliyofika kwao na begi moja. Wewe uliona ni rahisi zaidi kuwaliza.

Barua yako nimemsomea mama, yote, na ile ya kwangu pia, na nikamweleza toka mwanzo lile zoezi lilikuwa la nini. Aliendelea kuchambua maharage. Jioni ya kesho yake nilipoingia darasani nilimkuta amekaa nyuma kabisa, kitabu cha kusomea mapajani, amekishika juu chini. Miaka yote nilimbembeleza ajifunze, akanikatalia, eti macho yake yamezoea mbali. Sikumwuliza amefuata nini.

Usiniandikie tena.

Josefina


Kijiji kipya, barabarani,
Agosti 1975

Mwalimu Apolinari.

Ni mimi Pelagia. Mama Natalia. Ninaandika kwa mkono wangu. Josefina hajui ninachoandika. Amenipa karatasi tu.

Nimefanya mtihani wa watu wazima. Wamesema nimefaulu. Walitupa mfano wa barua, tuanze na salamu. Yako haina salamu.

Josefina alikosa. Nimemsamehe. Yeye ni wangu. Jana tulimtaja Natalia, tukacheka habari ya maziwa aliyokuwa anakuletea. Alikuwa anayaonja njiani. Hukujua.

Umesema ulituepusha moto. Labda. Mimi sijui hoja. Josefina anasema hoja nzito iwe ya mwisho. Basi yangu ni hii.

Sasa watu wote wanajua alichosema mwanangu. Watoto wanakisema wakibeba maji. Tupumzike kidogo, mmechoka. Wanacheka. Si kosa lao, walisikia kwenye kipaza sauti.

Natalia aliniambia mimi. Alinishika mkono akaniambia mimi.

Nirudishie.

Pelagia